Mashuka Yasiyofuliwa

Mimi ni dobi. Nafua kwa mikono, napiga pasi ya mkaa, na kazi yangu naijua. Siyo majivuno. Damu nailoweka kwenye maji baridi yenye chumvi. Mafuta nayanyunyizia unga kwanza, ndipo sabuni. Kutu naipaka ndimu na chumvi, halafu naianika juani. Mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu. Wote wananiita Dobi, hata mume wangu, hasa akiwa amekasirika.

Mume wangu ni fundi baiskeli. Ni mtu wa maneno machache. Maneno ya nyumba nzima nimeyabeba mimi. Watoto wetu wakubwa wana nyumba zao. Aliyebaki ni kitindamimba wetu, binti wa miaka saba. Tunamwita Kifaranga, maana kila ninapokwenda yuko nyuma yangu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja mdogo wenye kamba nne za kuanikia. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na ghala la magunia. Ghala lile halikuwa na neno na mtu. Kisha likauzwa. Yakaanza kuja malori ya vyuma chakavu, ikajengwa tanuri ya kuyeyushia vyuma hivyo, na juu yake likawekwa bomba la moshi. Bomba lenyewe fupi! Halikuzidi paa letu hata kwa kimo cha mtu.

Wiki ile ile nikaanza kuona madoa. Nilianua mashuka ya nyumba ya wageni, nikakuta vidoa vyeusi vya mafuta, na katikati ya kila kidoa kitundu kidogo. Nikafua tena. Nikaanika tena. Madoa yakarudi. Mteja wangu, mwenye nyumba ya wageni, alilikunjua shuka moja mbele ya watu.

"Dobi," akasema, "siku hizi unafua au unatia nakshi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwezi uliofuata alipeleka nguo zake kwa mwingine.

Hilo la nguo lingenipita. Lililonikaa kooni ni la Kifaranga. Alianza na kikohozi cha asubuhi. Halafu kifua chake kikawa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Akawa anasema maneno mawili, anapumzika, anasema mengine mawili. "Mama, nataka… maji ya… kunywa." Siku moja midomo yake ikabadilika rangi. Nilimbeba mgongoni nikakimbia naye zahanati bila viatu.

Daktari alimpa dawa, akamtazama mpaka pumzi ikarudi. Kisha akaniuliza, "Mama, mtoto huyu anakaa karibu na moshi?"

"Napiga pasi ya mkaa," nikamwambia ukweli.

"Ihamishe mbali naye leo hii. Kuna moshi mwingine?"

"Kuna tanuri ya vyuma nyuma ya ukuta."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sikiliza, mama. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Kifua kama hiki, akizidiwa siku moja na mkachelewa, hamtamuwahi."

Maneno hayo hayakunitoka masikioni. Pasi niliihamishia kibarazani kwa jirani, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kikohozi hakikupungua. Mume wangu alisema tuhame. Tuhamie wapi? Nyumba ile aliachiwa na marehemu baba yake. Hatuna nyingine.

Basi tukaenda wanawake kumi mpaka ofisi ya mazingira. Afisa alitupokea vizuri. Akaandika malalamiko yetu, akasema, "Jumatano nitakuja kujionea mwenyewe."

Sasa sikiliza ujinga wetu.

Tuliposikia afisa anakuja, tuliona anakuja mgeni. Na mgeni anapokelewaje? Kwa usafi! Jumanne mtaa mzima ulikuwa na fagio mkononi. Mmoja alipanda juu ya paa kufuta masizi. Mwingine alipiga chokaa ukuta wake uliokuwa mweusi. Watoto walitumwa kuosha majani ya michungwa, jani moja moja. Mimi nilichukua mashuka yote yenye madoa, nikayaloweka, nikayachemsha, nikayasugua mpaka vidole vikachubuka. Vitundu nilivishona kwa uzi mweupe, mshono mdogo usioonekana. Nani apokee mgeni na matambara?

Jumatano afisa akaja. Tanuri siku hiyo haikuwashwa. Nani aliwaambia, mimi sijui. Afisa akazunguka. Akapitisha kidole ukutani, kidole kikatoka cheupe kwa chokaa. Akatazama mashuka yangu kambani.

"Mama," akasema, "hapa kwako pasafi kuliko nyumbani kwangu."

Na mimi, kichwa maji, nikafurahi! "Ahsante, baba. Karibu tena."

Wiki mbili baadaye tulisomewa taarifa yake: "Hakuna uchafu ulioonekana." Siku ile ile kabla ya adhuhuri moshi ulishuka uwanjani kwetu, ukaingia ndani, na Kifaranga akalazwa zahanati siku mbili.

Hapo ndipo nilipokutana na mwanamke mmoja tunayemwita Wakili wa Miguu. Kwa kweli si wakili. Ni msaidizi wa sheria. Amefunzwa kuwasaidia watu wasiojua pa kuanzia, na hadai malipo. Jina hilo amepewa kwa sababu anatembea nyumba kwa nyumba, viatu vimeliwa upande mmoja. Alikuja kwangu, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Akaniuliza, "Mashuka yenye madoa yako wapi?"

"Nimeyafua."

"Vile vitundu?"

"Nimevishona."

"Na masizi ya ukutani?"

"Tumepiga chokaa."

"Na michungwa?"

"Tumeiosha."

Akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa nguo yake, taratibu. "Dobi," akasema, "mmefua ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Ushahidi ni kile kinachomwonyesha jambo mtu ambaye hakuwapo. Hakimu hakai mtaani kwako. Hana pua yako. Hamjui Kifaranga. Ataamini alichoonyeshwa na alichosikia kwa mashahidi. Ninyi mna haki ya kuvuta hewa isiyowadhuru. Lakini haki isiyo na ushahidi inakaa kimya. Mficha uchi hazai, mama."

Nilikaa chini, saa za kazi. Watu wanaonijua wataona hapo kwamba mambo yalikuwa mazito.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Usifue."

Jamani! Kumwambia dobi asifue ni kumwambia samaki asiogelee. Lakini alinieleza hatua kwa hatua, nami nikaelewa.

Tulinunua kitambaa cheupe cha jora moja, tukakata mashuka mengi yanayolingana. Kila siku shuka moja lilianikwa kwangu. Siku hiyo hiyo, saa zile zile, jingine lilianikwa kwa dada yangu, anayekaa upande mwingine wa mji, mbali na kiwanda. Saa kumi jioni tulianua. Hatukufua. Kila shuka lilikunjwa na kufungwa kwenye mfuko wake. Majirani wawili walishuhudia na kutia sahihi kwenye karatasi. Binti wa jirani alipiga picha kwa simu, tarehe ikaonekana.

Tarehe ya kwenye shuka lenyewe niliiweka kwa njia yangu. Madobi tunazijua nguo za watu kwa alama ya uzi. Basi uzi mwekundu ukawa wa kwangu, wa buluu wa dada. Idadi ya mishono ndiyo siku ya mwezi. Wakili wa Miguu alicheka alipoona.

"Hii hata mimi sikufundishwa," akasema.

Alitufundisha na mengine. Tulimwomba daktari atuandikie siku zote alizomtibu Kifaranga, na siku alizotibu watoto wengine wa mtaa. Tuliandika barua ya malalamiko kwa majina yetu, nakala tatu. Moja tulipeleka ofisi ya mazingira, moja ofisi za mji. Ya tatu ilipigwa mhuri kwamba barua imepokelewa, tukarudi nayo.

"Kwa nini mhuri?" aliuliza mume wangu. Hayo yalikuwa maneno yake ya wiki.

"Kwa sababu kesho mtu asije akasema hakuiona," alijibu Wakili wa Miguu. Pale ofisi za mji aliomba pia kuona kibali cha kiwanda. Kibali kilikuwa cha ghala. Cha tanuri hakikuwapo. Kumbe kabla ya kujenga tanuri karibu na nyumba za watu, walitakiwa kwanza kupimiwa madhara yake na kutuuliza sisi majirani. Hakuna aliyetuuliza.

Si wote mtaani waliofurahi. Mume wa shoga yangu alifanya kazi kwenye tanuri ile. Yeye ni shemeji yangu wa utani, miaka yote tunataniana. Siku moja alikuja hakutania.

"Dobi, ukikifunga kiwanda, wanangu watakula mashuka yako?"

Jibu nilikuwa nalo kali, tayari mdomoni. Lakini alianza kukohoa, akashika ukuta. Nikakumbuka vitambaa vyake vya mkononi, vyenye makamasi meusi. Nawafulia, navijua. Jibu langu likafa.

"Shemeji, sitaki kazi yako ife," nikamwambia. "Nataka moshi usituue. Wewe ukiwa wa kwanza."

Akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo salamu zikakatika.

Mashuka yalipofika arobaini, Wakili wa Miguu alitutafutia wakili hasa, wa msaada wa kisheria, akapeleka kesi mahakamani kwa niaba yetu. Tulikuwa familia kumi na sita. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wiki moja kabla ya kusikilizwa, meneja wa kiwanda alikuja nyumbani kwangu mchana. Alivaa shati jeupe. Niliitazama kola, aliyelifua ni mvivu. Alikaa, akakubali maji ya kunywa, akasema kwa sauti laini:

"Dobi, tunahitaji mtu wa kufua nguo za wafanyakazi wote. Kila wiki, mwaka mzima. Mwenye kiwanda ana hoteli pia, na mashuka yake atakuletea wewe. Mkataba huu hapa."

Wateja wangu wa nguo nyeupe walikuwa wamekwisha. Nilikuwa nafua soksi na matambara ya gereji. Niliutazama mkataba.

"Na mimi nifanye nini?" nikauliza.

"Kazi yako tu. Hivi kweli, dobi mzima, utaingia mahakamani na mashuka machafu? Watu watasemaje? Yafue, mama. Ulinde jina lako."

Akaacha mkataba mezani, akaenda zake.

Nitasema ukweli, maana hadithi isiyo na ukweli haifunzi. Nilijaza karai maji. Nilitia sabuni. Nilifungua mfuko wa kwanza, nikalitoa shuka. Maneno ya yule bwana yalinichoma palepale paumapo. Nilijiona mahakamani, watu wakiyanyooshea vidole mashuka yangu machafu, na kazi zote za mjini zikinipita.

Kifaranga akatoka ndani. Alisimama mlangoni akishika fremu. "Mama, hilo… si lile… la kesi?"

Swali fupi. Liligawanywa mara tatu.

Niliona haya mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Nililimwaga karai zima chini, maji yakanilowanisha mpaka magotini, nikakaa kwenye maji hayo nikalia. Mume wangu alikuja mbio kutoka karakana. Akaona shuka, akaona mkataba. Alilikunja shuka, akalirudisha kwenye mfuko wake, akafunga fundo. Mkataba tulimpelekea Wakili wa Miguu.

"Nao uwekeni," akasema. "Asiye na hatia hahangaiki na mashuka ya watu."

Siku ya kesi tuliyabeba mashuka kwa mkokoteni. Nilipanda kwenye kizimba cha mashahidi. Wakili wa kiwanda alisimama. Kijana nadhifu, ana maneno.

"Mama, wewe ni mtaalamu wa sayansi?"

"Hapana, mwanangu. Ni mtaalamu wa madoa."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini naye nilimwona akitabasamu.

"Wewe mwenyewe unatumia pasi ya mkaa. Siyo kweli kwamba moshi uliomdhuru mtoto ni wa kwako?"

Nilitaka kuwaka. Nikajizuia. "Nilikuwa naitumia nyumbani, ni kweli. Daktari aliniambia niihamishe, nikaihamisha siku hiyo hiyo. Ameandika. Baada ya hapo mtoto amelazwa mara nne. Na dada yangu naye ana jiko, naye yuko mjini kama mimi. Tazama shuka lake."

Hakimu akaamuru yafunguliwe. Shuka la uzi wa buluu lilikuwa na vumbi, vumbi la kawaida la njiani. Shuka la uzi mwekundu lilikuwa limetapakaa vidoa vyenye vitundu. Tarehe ile ile. Wakafungua jozi ya pili. Ya tatu. Ya kumi. Mwanzoni nilikuwa nimeinamisha kichwa, maana uchafu wangu ulikuwa unaanikwa mbele ya wanaume na makarani. Walipofika ya kumi nikainua kichwa.

"Vumbi linatoka kwa maji," nikamweleza hakimu. "Masizi ya jikoni yanatoka kwa sabuni. Hili halitoki, kwa sababu linatua likiwa la moto, linaunguza uzi. Ndiyo maana kuna kitundu. Na mheshimiwa, linalounguza uzi linaingia kifuani mwa mtoto."

Wakili wa kiwanda akakaa chini.

Hakimu hakutoa hukumu siku hiyo. Alimtuma mtaalamu kupima hewa, kwa siku isiyotangazwa. Safari hii hakuna aliyefagia. Mtaalamu alikuta tanuri inawaka na moshi unatambaa juu ya mapaa yetu. Yeye na vyombo vyake walisema yale yale yaliyosemwa na mashuka.

Kwanza lilitoka zuio la muda: tanuri izimwe mpaka kesi iishe. Kesi ilichukua miezi mingine mitano, tena ya kuchosha. Nauli, kuahirishwa, kurudi kesho. Mwishoni mahakama ikasema tanuri haiwezi kuwa katikati ya makazi. Kiwanda kihamie eneo la viwanda, kiwe na bomba refu lenye vichujio, na wafanyakazi wapewe vifaa vya kujikinga. Taratibu si moja kila nchi, kwa hiyo wewe unayesoma uliza kwenu. Msaidizi wa sheria atakuambia.

Mashuka ya ushahidi yalirudishwa. Wakaniuliza kama nitayafua. Nimeyapeleka shule, watoto wayasome. Ghala sasa limejaa magunia tena.

Shemeji alihamia na kiwanda. Anapanda gari asubuhi, anarudi jioni, na lawama zake alizihifadhi vizuri. Miezi mingine miwili hakunisalimu. Halafu Ijumaa moja alisimama mlangoni kwangu, amevaa barakoa ya kazini shingoni.

"Dobi."

"Shemeji."

"Jana nimepenga kamasi." Akatazama pembeni. "Imetoka nyeupe. Nilikuwa nimesahau ilivyo."

"Karibu chai," nikamwambia. Akaingia.

Tulikuwa bado tunakunywa Kifaranga aliporudi kutoka shule. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anakimbia tangu mwanzo wa mtaa, na wakati huo huo anapiga makelele:

"Mama, mwalimu amesema kesho twende na ufagio na ndoo na yule mtoto wa kinyozi amenivunjia rula na mimi sikumpiga lakini nitampiga!"

Yote hayo bila kituo. Majirani walichungulia madirishani. Nilisimama mlangoni nimshike nimgombeze, msichana gani huyu anayetangaza vita mtaa mzima. Mume wangu akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Hajamaliza."

Nikamwacha.